Daigo Umehara na Gemu za Kupigana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wanamfahamu Daigo Umehara kwa video moja fupi ya mwaka 2004, na maswali mengi huanzia hapo. Majibu yafuatayo yanaanza na mambo ya msingi, yanapita kwenye video hiyo, kisha yanakaa zaidi kwenye miaka iliyofuata, ambayo kwa maoni yetu ndiyo inayoeleza kwa nini mchezaji huyu bado anatajwa.

## Mambo ya msingi

Daigo Umehara ni nani?

Ni Mjapani aliyezaliwa tarehe 19 Mei 1981 katika mkoa wa Aomori na kukulia Tokyo, ambaye amekuwa akishindana katika gemu za kupigana tangu miaka ya 1990. Jina lake limefungamana na Street Fighter, mfululizo wa gemu za kampuni ya Capcom, ingawa amewahi pia kuwa bingwa wa Guilty Gear, na miongoni mwa wachezaji wa Tokyo alianza kuogopwa katika gemu nyingine ya Capcom, Vampire Hunter. Mwaka 2010 Guinness World Records walimtambua kuwa mchezaji mwenye mafanikio makubwa zaidi katika mashindano makuu ya Street Fighter.

Gemu ya kupigana huchezwaje katika mashindano?

Wachezaji wawili hukaa mbele ya skrini, kila mmoja akiongoza mhusika mmoja mwenye mstari wa damu juu ya skrini. Damu ya mmoja ikiisha, raundi imekwisha. Anayeshinda raundi mbili amechukua gemu, na mechi huwa ya gemu kadhaa.

Mashindano makubwa, likiwamo Evo la Marekani ambalo litatajwa mara nyingi hapa, hutumia mchujo wa kupoteza mara mbili. Anayefungwa mara ya kwanza hatolewi, bali hushushwa upande wa waliokwisha kupoteza mechi moja, na akifungwa huko ndipo safari yake inapoishia. Utaratibu huu ukieleweka, utaeleweka pia mkanganyiko unaozungumziwa katika swali la iwapo Daigo alitwaa ubingwa mwaka 2004.

Kwa nini anaitwa Mnyama?

Ni jina la utani alilopewa na mashabiki wa Marekani kutokana na jinsi alivyokuwa akimvamia mpinzani bila kumpa nafasi ya kupumua. Yeye mwenyewe ni mtu mtulivu, na anayetegemea kumwona akitamba au kurusha maneno jukwaani hatakiona anachokitafuta.

## Kumbi za sarafu

Alianza kucheza lini na wapi?

Alianza akiwa mtoto wa shule ya msingi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati Street Fighter II ilipojaza kumbi za gemu nchini Japani. Kumbi hizo zilikuwa na mpangilio unaostahili kuelezwa, kwa sababu ndio uliomlea. Mashine mbili ziliwekwa zikipeana mgongo na kuunganishwa kwa nyaya, kila mchezaji akikaa upande wake, hivyo mtu alipigana na mwenzake bila kuuona uso wake wala mikono yake. Anayetaka kucheza aliingiza sarafu ya yen 100. Akifungwa, sarafu imekwenda. Aliyeshinda aliendelea kukaa bila kulipa kitu.

Kwa mtoto asiye na fedha nyingi, maana ya mpangilio huo ilikuwa wazi: anayejua kushinda hucheza jioni nzima kwa sarafu moja, na asiyejua hurudi nyumbani mapema. Aliyekaa muda mrefu kwenye kiti alipambana na kila aliyejitokeza, mwanafunzi au mfanyakazi aliyetoka kazini, na kila mmoja alikuja na mbinu zake. Shule bora zaidi ya gemu hizi ni vigumu kuifikiria, na kizazi kilichokua na intaneti hakikuipata.

Ni kweli aliwahi kushinda mara 286 mfululizo?

Hiyo ndiyo idadi inayotajwa siku zote kuhusu siku aliyokaa kwenye mashine ya Vampire Hunter bila kung'olewa. Asiyejua utaratibu wa anayeshinda kubaki kwenye kiti huona idadi hiyo haiwezekani. Ukiufahamu (tazama jibu lililotangulia), utaona kwamba foleni ya wapinzani haikukatika kwa sababu kila mtu alitaka kuwa yule atakayemwondoa.

Alijulikana lini nje ya Japani?

Mwaka 1998, akiwa na miaka 17. Alitwaa ubingwa wa Japani wa gemu ambayo nje ya nchi hiyo huitwa Street Fighter Alpha 3, kisha akapelekwa San Francisco kupambana na bingwa wa Marekani, Alex Valle, na akamshinda.

Baada ya hapo akawa mgeni anayeogopwa katika mashindano ya Marekani. Mwaka 2003 na 2004 alitwaa Evo katika Super Street Fighter II Turbo, gemu ambayo wakati huo ilikuwa tayari na miaka kama kumi na ambayo Wamarekani waliamini kuwa wanaijua vizuri.

## Tukio la 2004

Ni nini hasa kinachoonekana kwenye ile video maarufu?

Agosti 2004, katika Chuo Kikuu cha California State Polytechnic kilichoko Pomona, Daigo alikutana na Justin Wong wa New York katika Street Fighter III: 3rd Strike. Daigo alikuwa na Ken, Justin alikuwa na Chun-Li. Justin alikuwa hodari wa kusubiri: hukaa mbali, hupiga pigo moja salama, hurudi nyuma, na kumwacha mpinzani ajichokee mwenyewe. Kufikia mwisho wa raundi inayokumbukwa, mstari wa damu wa Ken ulikuwa umebaki kama uzi. Hata kukinga kusingemsaidia, kwa maana pigo maalumu likikingwa bado hutafuna damu kidogo, na kidogo hicho ndicho pekee alichokuwa nacho.

Justin akaachia Houyoku-sen, mbinu kuu ya Chun-Li yenye mapigo 15 ya miguu mfululizo. 3rd Strike ina jambo ambalo Street Fighter nyingine nyingi hazina: mchezaji anaweza kulipangua pigo kwa kusukuma fimbo ya kuchezea kuelekea kwa mpinzani palepale pigo linapotua, na pigo lililopanguliwa halipunguzi damu hata kidogo. Akiwahi au akichelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde, amesogea mbele bila kinga na anapigwa.

Daigo aliyapangua yote. Unamwona Ken amesimama mahali pamoja, mwili wake ukimulika rangi ya buluu kila teke linapomfikia, tena na tena, huku kelele za ukumbi zikipanda kabla mateke hayajaisha kwa sababu watazamaji wameshaelewa kinachofanyika. Anaruka kulipangua la mwisho akiwa hewani, anashuka na teke, anaunganisha mapigo na kumaliza kwa Shippu Jinraikyaku, mbinu kuu ya Ken. Damu ya Chun-Li inaisha, na watu wako juu ya viti.

Ilikuwa bahati?

Sehemu kubwa ilikuwa mazoezi, na sehemu ndogo ilikuwa kukisia kwa mtu anayejua anachokikisia. Houyoku-sen huja kwa mdundo usiobadilika, hivyo inaweza kukaririwa mkononi, na wachezaji wa Japani walikuwa wakiifanyia mazoezi. Kwa hiyo kupangua mateke 14 yanayofuata, ingawa ni kugumu, ni jambo la kujifunza.

Ugumu wenyewe uko kwenye teke la kwanza. Mbinu hiyo huanza haraka kiasi kwamba anayesubiri kuiona ndipo asukume fimbo amekwisha kuchelewa. Lazima awe ameamua kabla. Hapa ndipo hali ya raundi ilipomsaidia Daigo. Ken akiwa na damu ile, Justin hakuhitaji kumpiga vizuri, alihitaji tu kumgusa, na Houyoku-sen ndiyo iliyokuwa njia ya mkato iliyokuwa wazi kwa kila aliyekuwa ukumbini. Daigo alijua itakuja, na kilichobaki kilikuwa kujua lini. Lawama ambazo Justin amekuwa akizipata kwa miaka mingi hazina msingi: mara nyingi sana uamuzi ule ungempa raundi.

Je, alitwaa ubingwa siku hiyo?

Hapana, na wengi hushangaa. Mechi ile ilikuwa fainali ya upande wa waliopoteza mara moja. Daigo alimshinda Justin, akaenda kwenye fainali kuu, na huko akafungwa na Mjapani mwenzake, Kenji Obata, anayejulikana kama KO. Inasikitisha kidogo kwamba bingwa wa siku ile hutajwa tu kama maelezo ya ziada chini ya jina la mtu aliyefungwa naye.

Kwa nini tukio hilo lina namba 37?

Video hiyo huitwa Evo Moment 37, yaani tukio la 37 la Evo, lakini hakuna matukio mengine 36 yaliyotangulia. Namba hiyo ilichaguliwa bila hesabu yoyote na mtu aliyekuwa akiitangaza video hiyo, ili ionekane kwamba Evo lina hazina ndefu ya matukio kama hayo, na ikabaki.

## Kuondoka na kurudi

Kwa nini aliacha gemu akiwa kileleni?

Kwa sababu kileleni hakukuwa na maisha. Wakati huo hapakuwa na wadhamini wala mshahara, na Japani kijana aliyefikisha miaka ishirini na kitu huku akishinda kwenye kumbi za gemu hakuonekana kuwa bingwa wa chochote. Daigo alihamia mahjong, mchezo wa vigae, ambao angalau ulikuwa na wachezaji wa kulipwa, akaufanyia kazi kwa miaka kadhaa na kufikia kiwango cha juu, kisha akauacha nao.

Baada ya hapo akafanya kazi ya kuwahudumia wazee. Wazazi wake walikuwa wafanyakazi wa hospitali, kwa hiyo haikuwa kazi ngeni kwake. Mara nyingi kipindi hiki husimuliwa haraka, lakini ndicho kinachomtofautisha na mabingwa wengi waliomfuata. Yeye alikwisha kuishi bila gemu, alifahamu ladha ya kazi ya kawaida, na aliporudi alirudi akiwa mtu mzima aliyechagua.

Alirudi vipi?

Street Fighter IV iliingia kwenye kumbi za Japani mwaka 2008, baada ya mfululizo huo kukaa kimya kwa miaka mingi, na rafiki yake akamwita waende kuijaribu. Akakuta bado anashinda. Aprili 2009 alialikwa San Francisco kwenye mechi za maonyesho na akawafunga wenzake, Justin Wong akiwamo. Mwaka huohuo alimshinda Justin tena katika fainali ya Evo huko Las Vegas, na mwaka 2010 akatetea taji katika Super Street Fighter IV dhidi ya Ricki Ortiz. Mhusika wake katika mataji yote mawili alikuwa Ryu.

## Riziki na fedha

Anaishi kwa zawadi za mashindano?

Hapana, anaishi kwa udhamini. Mwaka 2010 alisaini na Mad Catz, kampuni iliyokuwa ikitengeneza fimbo za kuchezea, na hatua hiyo ndiyo iliyomfanya kuwa miongoni mwa Wajapani wa kwanza kucheza gemu za kupigana kama kazi rasmi. Mad Catz ilifilisika mwaka 2017, lakini mwanzoni mwa mwaka huo Daigo alikwisha kutangaza wadhamini wengine: Red Bull, Twitch na HyperX. Kurusha michezo yake moja kwa moja kupitia Twitch nako kukawa sehemu ya kazi.

Mchezaji wa Japani alikuwa na kikwazo kingine, nacho ni sheria za nchi yake kuhusu zawadi zinazotolewa ili kukuza mauzo ya bidhaa. Sheria hizo zimewekwa kuwalinda wanunuzi, lakini zilisomwa kwa namna iliyobana sana fedha ambazo mtengenezaji wa gemu angeweza kumpa mshindi wa gemu yake. Mwaka 2018 kikaundwa chama, JeSU, kinachotoa leseni kwa wachezaji wa kulipwa ili waweze kupokea zawadi kubwa. Momochi, bingwa wa Evo wa 2015, aliikataa leseni hiyo, na aliposhinda mashindano ya Capcom mwaka 2019 yaliyotangazwa kuwa na zawadi ya yen milioni 5, alipewa yen 60,200. Mwenye macho aone kwa nini mkataba wa udhamini una thamani kuliko kombe.

Ni kweli aliwahi kutoa zawadi yake yote?

Ndiyo. Desemba 2015 alikuwa wa pili katika Capcom Cup huko San Francisco, nyuma ya Kazunoko, na papo hapo jukwaani ikatangazwa kwamba dola 60,000 alizozipata zitakwenda kwenye mfuko wa ufadhili wa masomo wa Evo katika Chuo Kikuu cha New York, kwa ajili ya wanafunzi wa utengenezaji wa gemu. Ni rahisi kusema kwamba mtu mwenye wadhamini anaweza kufanya hivyo. Ni wangapi wenye wadhamini waliofanya?

## Uchezaji wake na umri

Anatumia mhusika gani?

Umma humhusisha na Ryu, na ni haki, lakini si kweli kwamba hakumwacha kamwe. Mwaka 2011 alimtumia Yun, ambaye wakati huo alikuwa na nguvu kupita wengine wote. Katika Ultra Street Fighter IV alikuwa na Evil Ryu. Street Fighter V, iliyotoka mwaka 2016, aliianza na Ryu, lakini marekebisho ya Capcom yalipompunguzia Ryu nguvu alihamia kwa Guile, askari anayecheza kwa kurudi nyuma na kusubiri, kinyume kabisa na uvamizi uliompa Daigo jina lake la utani.

Uhamisho huu si kama kubadilisha jezi. Guile hutaka mchezaji ashikilie fimbo nyuma kwa muda kabla ya kurusha mawimbi yake, na mwenye desturi ya kusonga mbele lazima aivunje desturi hiyo. Daigo alifanya hivyo akiwa amevuka miaka 35, mbele ya watazamaji waliokuwa wakihesabu kila kosa.

Mbona hajashinda Evo tangu 2010?

Kwa sababu wapinzani waliongezeka na kuwa bora. Ilipofika 2012 bingwa wa Street Fighter IV alikuwa Infiltration wa Korea Kusini. Waliofuata walikuwa Xian wa Singapore na Luffy wa Ufaransa. Intaneti ilimwezesha kijana wa nchi yoyote kucheza na mabingwa, na faida ya kukulia karibu na ukumbi mzuri wa Tokyo ikapungua. Kumpima kwa kombe la Evo peke yake ni kumpima kwa siku tatu za mwaka, tena katika mashindano ya mechi fupi ambazo mjuzi anaweza kutolewa kabla hajamsoma mpinzani.

Umri haumwangushi?

Gemu hizi huendeshwa kwa picha 60 kwa sekunde, na hakuna anayedai kwamba macho na vidole vya mtu wa miaka 40 vina kasi ya vya miaka 20. Lakini kama lilivyoonyesha jibu kuhusu bahati, hata tukio lake maarufu kuliko yote halikutegemea kasi ya kuona na kujibu. Lilitegemea kujua mpinzani anataka nini. Ujuzi huo hauzeeki upesi, na kwa wachezaji wa rika lake waliobaki, ndio mtaji.

Mechi yake na Tokido ya 2018 ilikuwa ya nini?

Ilikuwa mechi ya hadi ushindi kumi, iliyochezwa Machi 2018 katika onyesho la Kemonomichi alilolianzisha Daigo mwenyewe. Hapakuwa na kombe. Tokido alikuwa bingwa wa Evo wa 2017, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Tokyo, na wengi walimwona kuwa ndiye mchezaji bora wa Street Fighter V wakati huo. Daigo, akiwa na Guile, alimfunga 10 kwa 5.

Mechi ndefu hufichua yale ambayo mchujo wa kawaida huyaficha. Mbinu ya kushtukiza hufanya kazi mara moja au mbili, kisha mpinzani huizoea. Baada ya gemu ya sita hakuna kilichobaki isipokuwa uelewa. Baada ya kipigo kile Tokido alilia hadharani, na mtu aliyezoea kuona mabingwa wakicheka na kupeana mikono ataelewa kwamba mechi isiyo na kombe ilikuwa na uzito wake.

## Maswali ya pembeni

Kidhibiti chake kilipigwa marufuku kwa kosa gani?

Mwaka 2019 Daigo alitaka kuanza kutumia Gafro Box, kisanduku kisicho na fimbo ambacho hata pande za mwendo hubonyezwa kwa vitufe. Tatizo la vifaa vya aina hii ni swali dogo: mtu akibonyeza kushoto na kulia kwa pamoja, gemu ielewe nini? Kwenye fimbo swali hilo halipo, kwa kuwa fimbo haiwezi kwenda pande mbili kwa wakati mmoja. Kwa Guile jibu lake lina maana kubwa: mchezaji akiweza kuendelea kubonyeza nyuma huku akigusa mbele kwa kidole kingine, anarusha wimbi na papo hapo anaanza kujiandaa kwa jingine.

Capcom waliamua kwamba kifaa hicho hakiruhusiwi katika mashindano yao. Hakuna aliyemtuhumu Daigo kwa udanganyifu. Alikitangaza waziwazi, na mjadala uliofuata uliwasukuma waandaaji kuandika kanuni za vidhibiti kwa uwazi zaidi.

Yeye ndiye bora wa wakati wote?

Ukihesabu makombe ya Evo katika gemu zote, Justin Wong ana hoja nzito kuliko yake. Ukiangalia ubora wa kipindi kimoja, Tokido au Infiltration wanaweza kutetewa. Hoja ya Daigo ni nyingine: aliogopwa katika kumbi za sarafu za miaka ya 1990, akashinda Marekani akiwa kijana wa miaka 17, akaondoka kabisa, akarudi na kushinda tena, na miaka 20 baada ya safari yake ya kwanza alikuwa bado anamfunga bingwa aliyekuwa kileleni. Mwenye rekodi inayofanana na hiyo katika gemu hizi hatumjui.

Nikitaka kutazama mechi zake, nianze na ipi?

Usianze na video ya 2004, kwa kuwa bila shaka umekwisha kuiona, na bila kujua 3rd Strike utaona tu mtu akiponea chupuchupu. Anza na fainali ya Evo 2009 dhidi ya Justin Wong, ambayo ni rahisi kuifuata hata kwa mgeni. Kisha tafuta mechi nzima ya Kemonomichi ya 2018 na uitazame bila kuruka, hasa gemu za katikati, ambapo Tokido anabadilisha njia zake za kumkaribia Guile moja baada ya nyingine na Daigo anaziziba. Ya 2004 iache hadi mwisho, na uangalie mkono wa Justin unavyosita kabla ya kuachia ile mbinu, yaani jinsi Chun-Li anavyosogea mbele na nyuma mara kadhaa akitafuta umbali.